Mapambo ya Kitanda cha Saba

Brashi alianguka kutoka kipandio cha nne cha ngazi, na hilo lilimuuma kuliko mfupa wenyewe. Mtu aliyepaka rangi kuta za maghorofa kwa miaka thelathini na moja, akikaa juu kwenye ubao wa kamba huku akipiga mluzi, alikuja kuvunjika paja jikoni kwa jirani, akimalizia kona moja juu ya kabati. Sakafu ilikuwa na sabuni, ngazi ikateleza. Akiwa chini, kabla maumivu hayajafika, alisema, "Jamani, msimwambie mtu kilikuwa kipandio cha ngapi."

Jirani alimwambia kila mtu.

Hospitali ilikuwa juu ya kilima kidogo, barabara moja tu kutoka ufukweni. Wodi ya mifupa ya wanaume ilikuwa na vitanda kumi na viwili, naye akapewa cha saba. Daktari alipitisha chuma chembamba kwenye mfupa chini ya goti, akafunga kamba, kamba ikapita juu ya kigurudumu miguuni mwa kitanda, na kwenye ncha yake wakaning'iniza vyuma vya kilo nane. Kazi ya vyuma ilikuwa kuuvuta mguu taratibu ili mfupa uunge ukiwa umenyooka. Kazi ya Brashi ilikuwa kulala chali. Wiki nane, daktari alisema, labda tisa. Hakuna kugeuka ubavu.

"Sasa mimi nifanye nini?" Brashi aliuliza.

"Pumzika."

"Nimeshapumzika tangu asubuhi."

Mkewe alikuwa na kibanda nyuma ya posta, akitengeneza miavuli na zipu za mabegi, na kwa hiyo watu wengi walimwita Mama Miavuli. Mwavuli usioponyeka aliufumua: kitambaa kikawa viraka vya miavuli mingine, na zile mbavu zake za chuma akazitia kwenye ndoo hadi zitakapohitajika. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye mikono yenye sugu. Yeye na Brashi walikuwa wamekaa pamoja miaka ishirini na sita bila ugomvi mkubwa na bila maongezi makubwa. Nyumbani waliongea habari za chumvi, za bomba linalovuja, na za binti yao aliyeolewa mji mwingine. Basi.

Hospitali iliruhusu kutazama wagonjwa mara mbili kwa siku, saa sita mchana na saa kumi. Mama Miavuli alikwenda mara zote mbili. Alimkuta Brashi kila siku akiwa amenuna zaidi ya jana. Chakula alikisukuma pembeni. Wauguzi aliwajibu kwa mkato. Siku ya tano alinyoosha kidole juu.

"Tazama ile," alisema.

Mama Miavuli alitazama. Aliona dari.

"Alama za brashi," akasema mumewe. "Zinakwenda huku, halafu zinakwenda kule, kama kuku kapita. Na pale karibu na taa, rangi ya zamani inachungulia. Umeona? Inachungulia kabisa."

"Funga macho, mzee wangu."

"Nikifunga naiona vilevile."

Kesho yake alimwomba mkewe amfunike uso kwa kitambaa. Mama Miavuli akamfunika, akaondoka. Muda si muda akapita mhudumu mpya aliyetumwa kumchukua maiti wa wodi ya pili. Alipomwona mtu amelala chali, uso umefunikwa, akadhani amefika. Akasogeza machela, akaanza kufungua kamba ya mguu.

"Ningoje kwanza ninywe chai yangu," Brashi akasema kutoka chini ya kitambaa.

Mhudumu aliacha machela pale pale na mbio zake zikasikika hadi getini. Wodi nzima ilivunjika mbavu, na kwa watu wenye mbavu zilizovunjika kweli haikuwa jambo dogo. Lakini Sista Mkuu hakucheka. Alikuwa mama mfupi, mpana, mwenye saa iliyobanwa kifuani, na wodi ile aliiendesha kama meli. Alikikunja kitambaa mara nne, akakitia mfukoni. "Hapa," alisema, "aliye hai atatuonyesha uso wake."

Jioni ile Mama Miavuli hakutaka kufika nyumbani mapema. Nyumba ilikuwa kimya, na kikombe cha mumewe kilikuwa bado mezani pale alipokiacha asubuhi ya kuanguka. Kwa hiyo badala ya kupita barabarani alishuka ufukweni. Maji yalikuwa yametoka. Kwenye mstari ambapo bahari ilikuwa imeacha taka zake alikuta kila kitu: vijiti vilivyochubuliwa na maji hadi vikawa laini kama mfupa, vipande vya chupa visivyo na makali tena, soli za kandambili za rangi zote, vifuniko, maboya madogo ya nyavu, na magamba ya kila namna. Tangu utotoni hakuwahi kuinama kuokota kitu pale. Aliokota gamba moja la waridi, la pili la kahawia, na kabla hajajua anafanya nini, khanga yake ilikuwa imejaa na mgongo unamuuma.

Asubuhi kibandani alivimwaga vitu vile juu ya meza, akavitazama. Kisha akatazama ndoo ya mbavu za miavuli.

Magamba yalimsumbua. Msumari wa moto uliyapasua. Sindano ya kushonea viatu ilivunjika ncha. Mwishowe alilichukua gamba moja, akalisugua upande wa mgongo kwenye sakafu ya saruji, taratibu, kama mtu anayenoa kisu, hadi pale palipoinuka pakalika na tundu dogo likafunguka lenyewe. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kukaa chini na kusugua. Alichukua mbavu tatu za mwavuli, akazikata, akazifunga moja chini ya nyingine kwa uzi wa nailoni, na kila ncha akaipa mzigo wake: gamba, kipande cha kioo cha kijani, kijiti, gamba, na gamba kubwa la konokono wa baharini lenye milia ya kahawia, ambalo lilikuwa zuri kuliko vyote.

Juu ya kitanda cha Brashi kulikuwa na bomba la chuma la kumsaidia kujinyanyua anapotandikiwa shuka. Mama Miavuli alilifunga pambo lake hapo, katikati ya macho ya mumewe na dari. Likayumba, likazunguka nusu, likatulia.

Brashi alilitazama muda mrefu.

"Limeegemea kushoto," alisema.

"Asante," mkewe akajibu.

"Nasema tu. Lile gamba jeupe lisogeze ndani kidogo, upana wa kidole." Mkewe alisogeza. "Kidogo tena. Hapo. Hapo hapo." Chakula cha siku ile alikimaliza, na alipofika mtu wa kukusanya sahani alisikika akisema asante.

Siku ya tatu wodi ilianza kunuka.

Mwanzoni ilikuwa harufu ya kupita na upepo, mtu anaisikia, anageuza shingo, imetoweka. Kufikia saa nne asubuhi haikutoweka tena. Kitanda cha nane, ubavuni mwa Brashi, alilala mwalimu wa hesabu aliyegongwa na pikipiki, mguu wake wote ukiwa kwenye plasta tangu paja hadi vidole. Alikuwa mtu mkali na nadhifu, aliyewasahihisha wauguzi wakikosea tarehe. Sasa kila mtu akamtazama yeye, maana kila aliyekaa wodi ya mifupa anajua harufu mbaya ikianza watu wanafikiria nini kwanza.

"Si mimi," Mwalimu alisema. "Mguu wangu uko salama."

Daktari alikuja, akainama, akanusa plasta juu, akanusa chini, akakunja uso. Hakutaka kubahatisha. Akaagiza msumeno.

Walipoipasua plasta, mguu haukuwa umeoza. Lakini kutoka karibu na muundi kilidondoka kijiko cha chai, kikalia sakafuni. Kijiko hicho kilikuwa kimetafutwa wiki mbili. Sista Mkuu alikuwa amevihesabu vijiko mara tatu, akawafokea wapishi, na Mwalimu mwenyewe alikuwa amekula kiapo kwamba hajakiona.

"Kilikuwa kinawasha," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Mguu, namaanisha. Nilijikuna, kikaniponyoka."

Pale kijiko kilipokaa ngozi ilikuwa imechubuka na kuanza kuwa nyekundu, kidonda cha ukubwa wa kifungo. Daktari alisema kingekaa wiki mbili nyingine wangekuwa wanaongea habari tofauti. Akakisafisha, akaagiza plasta mpya. Lakini harufu ilikuwa bado ipo. Sista Mkuu alisimama katikati ya vitanda, pua juu, akigeuka polepole, hadi macho yake yakatua kwenye lile gamba la konokono lenye milia. Akapanda kistuli, akalichungulia ndani.

Ndani alikuwamo kaa, wale wadogo wanaoishi kwenye magamba ya kuazima. Alikuwa ameingia ndani kabisa na kufia humo, na jua la dirishani lilikuwa limemfanyia kazi siku tatu.

Mama Miavuli alipofika saa sita alilikuta pambo lake uwanjani, juu ya pipa la taka, na Sista Mkuu mlangoni.

"Mama," Sista alisema, "mimi nina wagonjwa kumi na wawili. Leo nimepasua plasta nzima kwa sababu ya kaa."

"Nisamehe, Sista. Sikumwona."

"Naamini hukumwona. Lakini hapa ndani sitaki tena kitu cha baharini."

Mama Miavuli alikwenda kitandani kwa Mwalimu kumwomba radhi. Mwalimu alikuwa amelala na plasta mbichi, nyeupe, yenye unyevu. "Shemeji," alisema, "usiniombe radhi. Niombee tu wasimwambie mwalimu mkuu habari za kijiko."

Brashi alirudi kuitazama dari, siku ile na iliyofuata pia. Sahani zikaanza tena kurudi zimejaa. Siku ya tatu mkewe akamwambia, "Mzee wangu, dari ni dari. Wenzako kumi na mmoja wanalala chini yake, hakuna anayeumwa nayo. Wewe una nini?"

Brashi alitazama kulia, akatazama kushoto. Mwalimu alikuwa amesinzia.

"Niliipaka mimi," alisema.

"Nini?"

"Dari hii. Miaka kumi na moja iliyopita. Nilipewa wodi hii na ile ya pili. Nilikuwa nangojewa kwenye hoteli fulani, kazi kubwa, ukumbi mzima. Nikaona nitachelewa. Rangi nikaizidishia maji. Ilitakiwa kupakwa mikono miwili, nikapiga mmoja, tena mbio mbio. Fundi mwenzangu aliniuliza, hivi ndivyo tunaiacha? Nikamwambia, nani anatazama dari?"

Mama Miavuli alimtazama mumewe. Akatazama juu, zile alama za kuku, ile rangi ya zamani inayochungulia. Akauma mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika. Akajaribu kujizuia kwa kona ya khanga, haikusaidia kitu. Alicheka hadi machozi, na Brashi aliyekuwa tayari kukasirika akajikuta naye anacheka, huku akishika paja na kusema, "Acha, acha, unaniumiza, mama watoto, acha." Miaka ishirini na sita, na mkewe hakukumbuka lini walicheka namna ile, jambo moja, kwa wakati mmoja.

"Umwambie Sista," alisema alipopata pumzi.

"Nimwambie! Umerukwa na akili?"

"Umwambie. Utalala hapa wiki sita nyingine na hilo kifuani?"

Alimwambia siku ile ile saa kumi, Sista alipopita kupima homa. Alimwambia yote, hata lile la nani anatazama dari. Sista Mkuu aliinua kichwa, akaitazama dari kwa makini kama mtu anayesoma tangazo.

"Miaka kumi na moja," alisema, "wagonjwa wananilalamikia hiyo dari. Nimeandika barua nne kwa uongozi. Kumbe mwenyewe ungekuja kulala chini yake." Akatikisa kipimajoto, akakitazama, akakirudisha kwenye kikombe. Kisha akamgeukia Mama Miavuli. "Haya. Leteni hayo madude yenu, afunike kazi yake. Lakini kwa masharti yangu. Kitu chochote kilichowahi kuwa na mwenyewe ndani yake, sikitaki. Vijiti, vioo, plastiki, sawa. Kila kimoja kitalala siku mbili kwenye ndoo yangu ya dawa. Kikitoka kizima, kitaning'inia. Kikitoka kinanuka, wewe mzee utakinusa mpaka utakapotoka hapa."

Ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Mwanzo Mama Miavuli alitaka kutengeneza kibandani na kuleta kilicho tayari. Brashi akakataa. Mikono yangu haijavunjika, alisema. Mkewe akamletea sinia, akaliweka juu ya kifua chake, na juu ya sinia mbavu za mwavuli, uzi, mkasi mdogo usio na ncha ambao Sista aliukagua, na vile vilivyopita mtihani wa ndoo. Brashi alifunga mafundo kwa mikono iliyoinuliwa juu ya uso, akiangalia kinyume, kama mtu anayejinyoa bila kioo. Mafundo ya siku ya kwanza yalifunguka yote na kipande cha kioo kikamdondokea puani. Mkewe akamfundisha fundo la miavuli, lile la kuzungusha mara mbili na kupitisha chini, ambalo likilowa ndio kwanza linakaza. Alikuwa hajawahi kumfundisha mumewe kitu. Brashi alilirudia mara ishirini, thelathini, ulimi ukiwa nje kidogo pembeni mwa mdomo.

Na rangi! Hapo alikuwa mfalme. Kijani cha chupa hiki na kijani kile si kimoja, alimwambia mkewe. Hiki kimekaa baharini zaidi, angalia kilivyofifia, kiweke juu. Bluu ya soli ya kandambili isikae karibu na nyekundu, zitagombana. Mama Miavuli alianza kushuka ufukweni kila alfajiri akiwa na maagizo kamili kama anayekwenda sokoni. Leta kitu chepesi cha rangi ya kutu. Leta kijiti kilichopinda kama kiwiko, lakini kisizidi kidole gumba. Leta nyeupe, ila si nyeupe ya maziwa, nyeupe ya jino.

"Jino la nani?" mkewe aliuliza.

"La mtu anayevuta sigara."

Alijifunza mahali pa kutafuta. Vioo vilijificha kwenye changarawe karibu na miamba. Mbao nzuri zilikuja baada ya siku ya upepo. Plastiki ya zamani ilikuwa bora kuliko mpya, maana jua na chumvi vilikuwa vimeipunguzia kelele. Vyote aliviosha nyumbani kwa maji baridi mara tatu, akavianika juu ya bati, na chochote kilichokuwa na tundu alikitia waya na kukizungusha ndani kuhakikisha hakuna mpangaji. Asubuhi moja mzee mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi ya kutembea alisimama akamtazama anavyoinama na kuinuka.

"Mama, umepoteza nini? Nikusaidie kutafuta?"

"Nimepoteza nyeupe ya jino la mvutaji."

Mzee aliondoka haraka kuliko alivyokuja.

Pambo la pili lilikuwa na mikono mitano. Lilipofungwa kwenye bomba lilisimama sawa bin sawia, kisha dirisha likafunguliwa nalo likaanza kuzunguka, kila mkono kwa mwendo wake, vioo vikitupa madoa ya kijani ukutani na juu ya shuka. Wagonjwa waliolala chali waligeuza macho. Wengine walijivuta kwa mito. Kijana wa kitanda cha tatu akauliza kama na yeye anaweza kupata, lakini ile nyekundu iwe nyingi.

Mwalimu alisema yeye atajitengenezea mwenyewe, na kwa njia sahihi. Aliomba karatasi. Aliandika uzito wa kila kipande, ambao Mama Miavuli aliupima kwa mizani ya ndugu yake wa kiume mwenye duka, akazidisha kwa urefu wa mkono, akatafuta mahali pa kufunga uzi hadi milimita. Brashi, kwenye kitanda cha saba, alikuwa akifunga kwa jicho tu, akipuliza na kusogeza. Siku mbili hawakusemezana. Kila mmoja alikuwa ameshika lake. Yalipofungwa, la Brashi lilisimama. La Mwalimu lilipinda kama mlango uliotoka bawaba.

"Haiwezekani," Mwalimu alisema. "Hesabu haidanganyi."

"Mbao zako zilipimwa lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu zilikuwa zimetoka kwenye ndoo ya Sista. Zimepimwa na maji."

Mwalimu alikodoa macho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aletwe wodini, alicheka, akaomba karatasi nyingine. La pili lilisimama bila kuguswa, na Brashi alikubali, kwa shida, kwamba asingeweza kulifanya vizuri zaidi.

Wiki ya tisa vyuma vilitolewa. Daktari alitazama picha ya mfupa, akapima miguu yote miwili kwa futi ya kitambaa, akasema umeunga vizuri, ila wa kushoto umekuwa mfupi kwa sentimita mbili. Atatembea kwa magongo miezi miwili, baadaye kwa fimbo. Kisoli kinene kwenye kiatu kimoja, na maisha yataendelea.

"Na ngazi?" Brashi aliuliza.

Daktari alivua miwani. "Mzee, ngazi basi."

Brashi alitikisa kichwa kama aliyeambiwa habari za hali ya hewa. Aliagana na watu, Mwalimu akamshika mkono muda mrefu, Sista Mkuu akamwambia asirudi. Mapambo aliyaacha yakiwa yananing'inia. Vitanda saba vilikuwa nayo kufikia siku hiyo.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Ngazi zake tatu zilikuwa uani, zimeegemezwa ukutani, na kiti alichochagua kukaa kilitazama huko huko. Fundi mwenzake alikuja kuuliza hali na kuazima brashi pana. Brashi akampa. Kesho yake akampa na ile nyembamba. Siku ya tatu akamwambia achukue ngazi zote, asizione. Aliposema hivyo sauti ilikuwa ya kawaida, lakini Mama Miavuli, aliyekuwa akiosha vyombo, aliona mkono wake umelishika gongo hadi vifundo vimekuwa vyeupe. Miaka yote alikuwa mtu wa kufanya kazi juu, juu ya wote, akiona mapaa na vichwa vya watu. Sasa alikuwa akiona kiuno cha mkewe na mlango.

Mama Miavuli hakumbembeleza. Hakujua kubembeleza, na alihisi mumewe angechukia. Alichofanya ni kumwambia ukweli aliokuwa nao: Sista Mkuu ametuma mtu. Wodi ya wanawake wameona ya wanaume, wanauliza kwa nini wao wametengwa. Vitanda kumi na vinne. "Mimi nina miavuli ya watu," alisema. "Sina muda wa kukaa na vijiti vyote hivyo. Kama huwezi, nitamwambia Sista huwezi."

"Nani kasema siwezi?"

"Nimeuliza tu."

"Lete sinia," Brashi alisema.

Alikaa kibandani nyuma ya posta, mguu juu ya kiboksi, akifunga mafundo huku mkewe akishona. Walioleta miavuli walisimama kutazama, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno alipokuwa na kazi mkononi, aliwaeleza kwa nini bluu hugombana na nyekundu. Alimaliza wodi ya wanawake kwa wiki tano. Pambo la mwisho alilifumua mara mbili.

"Tatizo ni wewe," alimwambia mkewe. "Unaniletea unachokiona wewe. Mimi nataka kuona mwenyewe."

"Na magongo yatazama kwenye mchanga, utaanguka, tutarudi kwa Sista."

Lakini Mama Miavuli alilifikiria jambo hilo, naye kwa kawaida jambo alilolifikiria lilipata dawa. Jumapili alichukua vifuniko viwili vya makopo madogo ya rangi, akavitoboa katikati, akavifunga kwenye ncha za magongo kwa mpira wa ndani wa baiskeli na lile fundo lake. Wakashuka asubuhi, maji yakiwa yametoka. Magongo yaliacha alama za duara kubwa, kama za mnyama asiyejulikana, na hayakuzama. Brashi alitembea hatua kumi na tano, akapumzika, akatembea nyingine kumi. Jasho lilimtoka. Mkewe alikaa nyuma yake kidogo, mikono imekunjwa, akijizuia asimshike.

Kwenye mstari wa taka Brashi alisimama. Alitazama muda mrefu upande mmoja na mwingine, na mkewe akaona macho yake yanafanya kazi ile ya zamani, ya kupima ukuta kabla ya kufungua kopo.

"Kile," alisema, akionyesha kwa gongo.

"Kipi? Hiki?"

"Hapana, nyuma yake. Cha manjano. Aa, mwanamke, hicho ni ganda la chungwa! Kile cha manjano iliyochoka."

Mama Miavuli aliinama, akakichukua, kipande cha plastiki kilicholiwa kingo, akakifuta kwa khanga na kumpa. Brashi alikishika juu, akakigeuza kwenye mwanga, akakirudisha.

"Hakifai," alisema. "Twende mbele kidogo."